UCHUMI WA NYUMBANI: Kitunguu Kinapozuiwa Mpakani

Kuna askari polisi mmoja, na wa mfano wake ni wengi katika kila nchi ya Afrika, ambaye amepangiwa zamu kwenye kizuizi cha mpakani. Amri aliyopewa ni fupi: gunia la mahindi lisivuke. Usiku huleta malori, mchana huleta baiskeli, naye husimama kati ya barabara akiwa na tochi na daftari lake. Wakati wa mapumziko anapigiwa simu mbili. Ya kwanza ni ya mama yake mzazi aliyeko shamba. "Mwanangu," asema mama, "mahindi yamejaa mpaka chini ya kitanda, wala mnunuzi hapana. Yule aliyekuja jana ametaja bei isiyorudisha hata fedha ya mbolea. Wanasema njia imefungwa. Ni nani aliyeifunga?" Simu ya pili ni ya mkewe aliyeko kota mjini. "Baba watoto," asema mke, "unga umeshuka wiki hii, tumshukuru Mungu. Hiyo njia msiifungue kwanza."

Askari huyo hana la kumjibu mama yake, wala hana la kumpinga mkewe. Wote wawili wamesema kweli. Na katika simu hizo mbili mna habari yote ya jambo ambalo limezisumbua serikali nyingi za nchi zinazoendelea kwa miaka mingi: serikali inapozuia mazao ya chakula yasiuzwe nchi za nje, ni nani anayeshiba na ni nani anayelala njaa?

Njia za kuzuia ni nne. Ya kwanza ni marufuku kamili, yaani hata punje moja isivuke. Ya pili ni ushuru mkubwa juu ya zao linalotoka, ili mnunuzi wa ng'ambo aone ghali na kuacha. Ya tatu ni kuweka bei ya chini kabisa ambayo muuzaji haruhusiwi kuuza nje chini yake. Ya nne ni vibali: asiyekuwa na karatasi yenye mhuri hapiti. Majina ni mbalimbali, lakini nia ni moja, nayo ni kukibakiza chakula nyumbani ili bei ishuke.

Kitunguu na kura

Hakuna nchi iliyoyaonyesha mambo haya kwa uwazi kama India, na hakuna zao lililoyaonyesha kama kitunguu. Mama wa nyumbani wa India hukiweka kitunguu katika karibu kila chungu. Tajiri hula, na maskini ambaye hana mboga hukitafuna kibichi pamoja na mkate wake. Kwa hiyo bei ya kitunguu ikipanda hakuna jiko lisilojua, na jiko likijua, kura nayo hujua.

Kilimo chake kina matata. Zao kubwa la India huvunwa kati ya mwezi Machi na Mei, kisha huwekwa katika vibanda vyenye kupitisha upepo ili liuzwe kidogo kidogo mpaka Oktoba na Novemba, mavuno mapya yanapoanza kuingia sokoni. Lakini kitunguu si mahindi. Kikikaa hupungua uzito, huchipua na kuoza. Ikinyesha mvua isiyotarajiwa wakati wa kungojea mavuno mapya, soko hukauka na bei huruka kwa muda wa siku chache tu. Na bahati mbaya miezi hiyo ya mwisho wa mwaka ndiyo ambayo majimbo mengi ya India hufanya uchaguzi.

Mwaka 1998 bei ya vitunguu mjini Delhi ilipanda kupita kiasi. Mwezi Novemba mwaka huo wananchi wa mji huo walipiga kura, na chama cha BJP kilichokuwa kikitawala huko kikaangushwa. Wanasiasa wote wa India waliipokea habari hiyo kama mtu apokeavyo kofi: hawakuisahau tena. Tangu siku hizo, kitunguu kikianza kupanda, serikali ya Delhi haingoji. Mkono hukimbilia kufuli la mpaka.

Mwezi Septemba 2019 usafirishaji ulipigwa marufuku. Bangladesh, jirani anayenunua vitunguu vingi kwa India, ilishtuka. Sheikh Hasina, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Bangladesh wakati huo, alifika Delhi siku chache baadaye, akasema kwa mzaha kwamba amemwagiza mpishi wake apike bila vitunguu. Kisha akaongeza kwamba ingalikuwa vyema kama India ingalitoa taarifa mapema. Watu walicheka, lakini jirani aliyekuwa akitegemea soko moja alikuwa amepata funzo. Marufuku ile iliondolewa mwezi Machi 2020, na miezi sita tu baadaye, Septemba 2020, ikarudishwa tena.

Mwaka 2023 mambo yalirudi kwa mtindo ule ule. Mwezi Agosti ukawekwa ushuru wa asilimia 40 juu ya vitunguu vinavyotoka. Mwezi Desemba ikaja marufuku kamili. Katika wilaya ya Nashik, jimbo la Maharashtra, ambako kuna soko mashuhuri la vitunguu la Lasalgaon, wakulima waliona bei ikiporomoka mbele ya macho yao, wakasimamisha minada kwa hasira. Mkulima alikuwa amekwisha lipa mbegu, maji, mbolea na vibarua kwa bei ya soko. Sasa aliambiwa auze kwa bei ya amri.

Tarehe 4 Mei 2024, uchaguzi mkuu ukiwa unaendelea na ukanda wa vitunguu ukiwa haujapiga kura bado, serikali iliifungua njia, ingawa ushuru ulibaki. Ilikuwa imechelewa. Chama tawala, kilichokuwa kimepata viti 23 vya Bunge katika Maharashtra mwaka 2019, safari hii kilipata viti 9. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, na si haki kuzibebesha zote juu ya kitunguu. Lakini wafuatiliaji wa siasa za huko hawakukosa kukitaja.

Hapo msomaji na atue kidogo, afikiri. Mwaka 1998 serikali iliadhibiwa na watu wa mjini kwa sababu kitunguu kilikuwa ghali. Mwaka 2024 iliadhibiwa na watu wa shamba kwa sababu kitunguu kilikuwa rahisi. Kitunguu ni kile kile. Kilichobadilika ni nani anayelia.

Fedha inakokwenda

Ili kulielewa jambo hili yafaa kufanya hesabu ndogo ya kufikiria. Tuseme gunia la mahindi linauzwa shilingi 100,000 ng'ambo ya mpaka, na gharama ya kulifikisha huko ni shilingi 15,000. Mkulima anaweza kutumaini kupata mpaka shilingi 85,000. Njia ikifungwa, wanunuzi wa ng'ambo hutoweka, nao wa ndani wakijua kwamba mkulima hana pa kukimbilia hutaja shilingi 50,000. Zile 35,000 zilizopungua hazikupotea hewani. Sehemu yake humwendea mama anayenunua unga mjini, na hilo ndilo lililokusudiwa. Lakini sehemu nyingine, na aghalabu si ndogo, humwendea mwenye ghala na lori, ambaye hununua kwa 50,000 na kungojea njia ifunguliwe.

Kwa maneno mengine, marufuku ni kodi anayotozwa mkulima peke yake bila ya kupewa stakabadhi. Wala mkulima huyo aghalabu si tajiri. Katika nchi nyingi zinazoendelea maskini walio wengi wako vijijini. Wapo miongoni mwao wanaonunua chakula kuliko wanavyouza, na hao hunufaika bei inaposhuka; lakini yule aliyepanda eka mbili akitegemea ada ya shule itoke humo hupata hasara kamili.

Hasara yenyewe haiishi mwaka huo. Mkulima aliyeungua mara moja hupunguza shamba msimu unaofuata, au huhamia zao jingine. Mwaka wa tatu chakula huwa kidogo kuliko mwanzo, bei hupanda tena, na serikali huona sababu mpya ya kufunga njia. Ndipo dawa inapogeuka kuwa ugonjwa.

Pamoja na hayo, si haki kusema kwamba wakubwa wanaofunga mipaka ni wajinga au wabaya. Serikali yoyote inayoona njaa inakuja ina wajibu wa kuwalinda watu wake. Watu wa mjini wako karibu na ikulu, nao wanaweza kujaa barabarani kwa saa moja, wakulima wametawanyika. Kufunga mpaka kunaweza kuamriwa asubuhi na kutangazwa redioni jioni, bila kuidai hazina hata senti moja. Kujenga maghala, kutengeneza barabara na kutoa mbolea huchukua miaka na mabilioni. Kiongozi mwenye moto nyumbani hushika ndoo iliyo karibu. Hata sheria za Shirika la Biashara Duniani huruhusu nchi kuzuia chakula kwa muda, ili kuepusha upungufu wa hatari.

Mchele wa 2008

Lakini ndoo ya mmoja inaweza kuwa kiu ya wengine. Kila aliyeishi kambini anaijua habari ya bomba la maji. Mtu mmoja akisema kwamba maji yatakatwa kesho, kila nyumba hutoa mapipa, madebe na hata masufuria. Maji yaliyokuwa yakitosha kambi nzima humalizika kabla ya magharibi, na wa mwisho kwenye foleni hukosa hata ya kunywa. Uvumi umejitimiza wenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mchele. Mchele huliwa na nusu ya dunia, lakini sehemu kubwa huliwa pale pale ulipolimwa. Unaovuka mipaka ni kama sehemu moja tu katika kumi, na miaka ile ulikuwa pungufu ya hapo. Soko dogo namna hiyo hutikisika upesi. Mwezi Oktoba 2007 India ilianza kuzuia mchele wa kawaida usitoke, kwa kuhofia akiba ya maduka yake ya mgao. Vietnam nayo ikazuia mikataba mipya mwanzoni mwa 2008. Nchi nyingine zikafuata. Ufilipino, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote, ikaingiwa na hofu ikaanza kutafuta shehena kubwa kwa bei yoyote; mjini Manila wanajeshi walitumwa kusimamia ugawaji wa mchele wa serikali. Bei ya mchele wa Thailand, iliyokuwa chini ya dola 400 kwa tani mwishoni mwa 2007, ilipita dola 1,000 majira ya Aprili na Mei 2008.

La kustaajabisha ni kwamba mpunga ulikuwa haukukosekana duniani. Mavuno yalikuwa mema. Wataalamu wawili, Will Martin na Kym Anderson, walipofanya hesabu baadaye waliona kwamba karibu asilimia 45 ya kupanda kwa bei ya mchele katika kipindi cha 2006 mpaka 2008 kulitokana na serikali zenyewe, kila moja ikijaribu kujikinga: wauzaji kwa kufunga milango na wanunuzi kwa kuondoa ushuru na kurundika. Haiti, nchi maskini inayokula mchele wa kuagiza, ilipata ghasia mwezi Aprili 2008, na Waziri Mkuu wake Jacques-Édouard Alexis akaondolewa na Baraza la Seneti tarehe 12 mwezi huo. Mtu aliyeangushwa huko hakuwa amefunga mpaka wowote.

Hofu ilianza kutulia namna gani? Japani ilikuwa na zaidi ya tani milioni moja na nusu za mchele wa nje katika maghala yake, mchele ambao Wajapani wenyewe hawakuuhitaji. Zilipoenea habari mwezi Mei kwamba huenda mchele huo ukauzwa kwa wenye shida, na Waziri Mkuu Yasuo Fukuda alipotangaza katika mkutano wa chakula huko Roma mwezi Juni kwamba nchi yake itatoa zaidi ya tani 300,000, bei ilikuwa imekwisha anza kushuka. Mchele wenyewe ulikuwa haujapakiwa melini. Palitosha kujulikana kwamba upo na kwamba mlango unaweza kufunguliwa.

Vibali na wenye vibali

Miaka kumi na mitano baadaye India ilikuwa imekuwa muuzaji mkubwa kuliko wote, ikitoa karibu asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka duniani. Tarehe 20 Julai 2023, kwa kuhofia mvua haba na uchaguzi uliokuwa mbele, ilipiga marufuku mchele mweupe usio wa basmati. Mwezi Agosti kipimo cha bei ya mchele cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifika mahali ambapo kilikuwa hakijafika kwa miaka 15.

Marufuku hiyo iliacha tundu moja: serikali ya nchi yenye shida ingeweza kuiomba serikali ya India, ikapewa kiasi maalumu. Ndipo foleni ikaanza. Ufilipino ilipewa tani 295,000, Kamerun 190,000, Kenya 100,000, visiwa vya Komoro 20,000, na Shelisheli tani 800. Lilikuwa jambo la huruma, na lilisaidia. Lakini msomaji ataona kwamba mchele uliokuwa bidhaa ya sokoni ulikuwa sasa umegeuka kuwa jambo la mabalozi. Mwenye rafiki mkubwa alipata. Asiye na msemaji alingoja. Marufuku iliondolewa tarehe 28 Septemba 2024, maghala ya India yakiwa yamejaa.

Kibali kina ubaya wa pili. Mahali ambapo karatasi moja inatofautisha hasara na utajiri, karatasi hiyo hupata bei yake. Indonesia, inayotoa zaidi ya nusu ya mafuta ya mawese yanayouzwa duniani, iliona mafuta ya kupikia yakiadimika madukani mwake mwanzoni mwa 2022. Masharti na vibali vya kusafirisha vikawekwa, na mwezi Aprili maofisa na wafanyabiashara wakakamatwa kwa tuhuma za vibali vilivyotolewa isivyo halali. Kisha rais Joko Widodo akafunga njia kabisa tarehe 28 Aprili. Wakulima wadogo wa michikichi walifika Jakarta kuandamana, kwani viwanda vilikuwa vimejaa na mikungu yao ikikosa mnunuzi. Tarehe 23 Mei njia ilifunguliwa. Marufuku haikufikisha mwezi mmoja. Lakini iliwashtua wanunuzi wote wa mafuta ghafi ya mawese, na hayo ndiyo yanayoingia katika mafuta ya kupikia na sabuni za Afrika ya Mashariki. Mama aliyekuwa akistaajabu kwa nini mche wa sabuni umepanda wakati hakuna vita katika nchi yake, sehemu ya jibu ilikuwa vita vya Ukraine, na sehemu nyingine ilikuwa kufuli la Indonesia.

Mipaka ya hapa kwetu

Afrika ya Mashariki haikukosa mafunzo yake. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa kwa miaka miwili. Katika Uganda ya siku zile Bodi ya Kahawa peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kununua na kuuza nje, na bei iliyomfikia mkulima ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Matokeo yake yalikuwa magendo. Kahawa ilivuka Ziwa Victoria kwa mitumbwi na kuteremka miteremko ya Mlima Elgon mpaka soko la Chepkube upande wa Kenya. Adhabu zilikuwa kali, hata za kifo, lakini kahawa haikusimama. Wengine katika wale waliotumwa kuilinda njia wakawa ndio wenye njia. Miaka ya 1990, baada ya ukiritimba ule kuondolewa, sehemu ya bei iliyomfikia mkulima iliongezeka sana, na sababu ya kuvuka usiku ikatoweka bila ya risasi hata moja.

Tanzania nayo imezuia mahindi yasitoke mara kadhaa. Mwezi Juni 2017, wakati wa sikukuu ya Idi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku, akieleza kwamba anayetaka kuuza nje na asage auze unga. Fikira hiyo ilikuwa na maana, kwa kuwa kiwanda huleta kazi na pumba hubaki kwa mifugo. Tabu ilikuwa kwamba vinu havijengwi kwa msimu mmoja, na mahindi hayangoji. Mkulima wa Sumbawanga yuko karibu zaidi na Zambia na Kongo kuliko Dar es Salaam. Alipozibiwa njia ya karibu, njia ya mbali ilimla faida yote. Bei katika mikoa ya kusini ikaanguka, na baadaye njia ikafunguliwa tena.

Na mlango hufungwa kutoka upande wa pili vilevile. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie, kwa sababu ya sumu ya kuvu iliyoonekana ndani yake. Baada ya siku chache iliyaruhusu tena kwa masharti ya cheti cha usalama. Lakini siku hizo chache zilitosha kuyapanga malori mpakani na kuishusha bei mashambani. Hapo fundisho ni la mkulima pia: mahindi yasiyokaushwa vema humpa jirani sababu ya haki ya kuyakataa.

Kipo kitu gani badala yake?

Haitoshi kumwambia kiongozi asifunge bila ya kumwambia afanye nini watu wanapolia njaa. Majibu yaliyokwisha jaribiwa yapo. Kwanza, akiba: serikali inunue wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na iuze wakati wa kiangazi, bei ikiwa juu. Namna hii humfaa mama wa shamba na mama wa kota kwa wakati mmoja. Pili, msaada umwendee mwenye haja. India yenyewe huwapa watu wapatao milioni 800 kilo 5 za nafaka kila mwezi bila malipo. Ni mzigo mzito kwa hazina, lakini maskini hula bila kungoja mkulima afilisiwe. Tatu, ikiwa lazima kuzuia, basi ushuru mdogo unaojulikana mapema ni afadhali kuliko marufuku ya ghafla, kwani ushuru huingia hazina, na marufuku huingia mfukoni mwa mlanguzi. Nne, amri iwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, ili mkulima ajue kabla ya kupanda. Tano, majirani waarifiane. Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki lilianza Julai 2010 kwa nia hiyo: mwaka ambao mvua imekosekana upande mmoja, mara nyingi imenyesha upande mwingine. Nao mwezi Juni 2022 wanachama wa Shirika la Biashara Duniani walikubaliana kwamba chakula kinachonunuliwa na Mpango wa Chakula Duniani kwa ajili ya wenye njaa kisizuiwe mpakani. Ni hatua ndogo, lakini ni hatua.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Familia inayopata mshahara mwisho wa mwezi yaweza kununua gunia zima wakati wa mavuno, kwa kuchangiana nyumba mbili tatu, likakaushwa na kuhifadhiwa penye ubao chini na mbali na ukuta. Aliye na ndugu shamba anunue kwake kwa bei ya haki. Mama atapata zaidi ya anayopewa na mchuuzi, na mkwe atalipa pungufu ya anayotozwa dukani. Inapotangazwa kwamba mpaka fulani umefungwa, asikimbilie dukani kununua sabuni za miezi sita, maana hiyo ndiyo habari ya bomba la kambini. Wala asidanganyike kwamba bei ikishuka kwa amri imeshuka bure. Yupo mtu aliyeilipa.

Na yule askari? Zamu yake haijamalizika. Amri ni amri, naye si mwenye kuiandika wala kuifuta. Wajibu wake ni kuitekeleza pasipo upendeleo na pasipo kuchukua hata kibaba kutoka kwa aliyesimamishwa. Alfajiri inamkuta mwanamke mmoja akisukuma baiskeli yenye gunia moja, miguu imejaa umande. Anamsimamisha kwa adabu. "Shikamoo, mama. Njia imefungwa." Mwanamke anamtazama muda mrefu, kisha anauliza swali lile lile alilolisikia jana katika simu: "Mwanangu, ni nani aliyeifunga?"

Anamsaidia kugeuza baiskeli. Jioni atakapopata mshahara wake atawapigia wote wawili, mkewe kwanza, kisha mama yake, na gunia mbili zitapakiwa kutoka shamba kwenda kota, ndani ya nchi, njia ambayo hakuna aliyeifunga. Haitamaliza tatizo la dunia. Lakini wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.